Siku tano kwenye vichaka vya mto Oder, namtafuta ndege niliyemshika Ngulia

Ijumaa, 7 Juni 2024

Nimetoka Berlin asubuhi na treni ya RE3, ile inayoishia Schwedt, mji wa mwisho mwisho huku kabla hujaingia Poland. Begi lina darubini, viatu vya mpira, dawa ya mbu, mkate, na chaja mbili za simu manake safari hii simu ndiyo kila kitu. Nimeomba likizo ya siku tatu kazini nikaunganisha na wikendi. Wenzangu wameniuliza unaenda wapi nikasema naenda kutafuta ndege mmoja mdogo, wakadhani nitataja tai ama korongo.

Huyo ndege Wajerumani wanamwita Sumpfrohrsänger, ukilivunja hilo jina unapata mwimbaji wa matete ya kinamasi. Jina lake la kisayansi ni Acrocephalus palustris. Ana sentimita 13 toka mdomo hadi mkia, uzito kama gramu 12, rangi ya kahawia mgongoni na njano iliyofifia kifuani, basi. Hana kilemba, hana doa jekundu, hana chochote cha kukufanya ugeuke umtazame. Anakula wadudu, anakaa kwenye vichaka vya majimaji, na muda mwingi haonekani.

Mimi nilimshika mkononi nikiwa na miaka 19. Mjomba wangu alikuwa mpishi kwenye loji ya Ngulia, kule Tsavo Magharibi, na mwezi wa kumi na mbili alinipeleka nikasaidie kubeba vifuko vya kitambaa kwa wale watu wanaovalisha ndege pete za utambulisho miguuni. Hiyo kazi inafanyika pale tangu mwaka 1969. Inavyokuwa ni hivi, ndege wanaotoka Ulaya na Asia wanasafiri usiku, sasa usiku usio na mwezi ukungu ukishuka kwenye vile vilima wanapotea, wanaona taa za loji, wanazifuata, wanashuka. Asubuhi nyavu zimejaa. Unatembea na vifuko shingoni vinapumua. Na katika wote hao anayekamatwa kwa wingi kuliko wengine ni huyu huyu wa kahawia. Mzee mmoja aliniwekea mmoja kiganjani, akanionyesha namna ya kumshika, shingo katikati ya vidole viwili bila kubana. Nilihisi moyo wake unapiga haraka mpaka haukuwa mapigo tena, ilikuwa kama simu inatetemeka. Yule mzee akasema, huyu mwezi wa sita atakuwa kwenye upupu kule Ujerumani anaimba. Akafungua mkono wangu, akaenda.

Nimekaa Ujerumani mwaka wa sita sasa na mwezi wa sita nimeupitisha kila mara nikiwa mjini. Mwaka huu nikasema hapana.

Kutoka Schwedt nimepanda basi mpaka Criewen, kijiji kidogo chenye ofisi ya wageni ya hifadhi ya Unteres Odertal. Hii hifadhi ilianzishwa mwaka 1995, na ndiyo pekee Ujerumani ambayo ni bonde la mafuriko la mto. Wakati wa baridi wanafungua milango ya tuta, maji yanaingia yanafunika mabonde yote, halafu majira ya kuchipua wanafunga na ardhi inakauka polepole, inabaki mifereji, matete, mierebi na majani marefu. Ukiniuliza mimi, ukiondoa viboko na joto, unaweza ukadhani uko sehemu fulani ya Tana.

Jioni nimevuka daraja la mfereji wa meli nikatembea juu ya tuta. Korongo yuko kwenye tundu lake juu ya nguzo. Usiku wa saa nne hivi mwanga bado haujaisha kabisa na kwenye majani kuna ndege anakwaruza kama mtu anapitisha kidole kwenye meno ya kitana, kre-kre, kre-kre. Huyo namjua kutoka kwenye rekodi, wanamwita Wachtelkönig, naye anashuka Afrika. Nikasimama pale mpaka mbu waliponishinda.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka saa tisa na nusu usiku. Jua huku linachomoza kama saa kumi na dakika arobaini alfajiri, na ndege hawasubiri jua, wanaanza giza giza. Umande ulikuwa mwingi suruali ikaloa mpaka mapajani kabla sijafika popote.

Nikaenda moja kwa moja kwenye matete manake jina lake si linasema matete? Na kweli baada ya dakika kumi nikasikia mtu anaimba ndani, trik trik trik, chrr chrr, trik trik, nikatulia, nikamuona akipanda kwenye bua moja, kahawia, kifua cheupe cheupe, mdomo mrefu mwembamba. Nilifurahi sana. Nikampiga picha kama arobaini, nikamrekodi, nikaandika kwenye daftari saa na mahali.

Mnamo saa mbili asubuhi akapita mzee mmoja wa Kijerumani na baiskeli, darubini kubwa kaifunga nyuma na kamba ya mpira. Kanisalimia, kaniuliza nimeona nini. Nikamuonyesha picha. Akaangalia kwa heshima kabisa, akazikuza, akasema, hapana, huyu ni Teichrohrsänger, ndugu yake. Na hakusema kwa kunidharau, alishuka kwenye baiskeli akakaa na mimi karibu saa nzima kunifundisha, na mimi naandika hapa yote aliyosema manake hili ndilo jambo gumu lenyewe na sijaona mtu ameliandika kwa Kiswahili.

Hawa wawili ukiwaweka pamoja wanafanana kama mayai. Cha kwanza angalia mgongo wa chini, pale karibu na mkia. Wa matete, yaani huyo Teichrohrsänger, ana wekundu wekundu wa kutu pale. Ninayemtafuta mimi hana, yeye ni kahawia inayoelekea kijani cha zeituni mwili mzima, kavu, haina joto. Cha pili miguu: wangu ana miguu myeupe myeupe yenye waridi, rangi ya nyasi kavu, hata kucha ni nyeupe, ndugu yake ana miguu iliyokolea. Cha tatu ncha za bawa. Bawa likikunjwa kuna manyoya marefu yanatokeza nyuma, na kwa wangu yanatokeza zaidi, na kila unyoya una ukingo mweupe kwenye ncha, safi, kama kucha zilizokatwa. Koo lina unjano kidogo. Mdomo mfupi zaidi na mnene zaidi.

Sasa haya yote, mzee akasema, utayaona tu kama ndege atakaa mita tano kutoka kwako kwenye mwanga mzuri, na yeye hakai. Hata wale wa Ngulia wanaomshika mkononi nakumbuka walikuwa wanapima kwa rula, kuna mkato kwenye unyoya mmoja wa bawa, wanaangalia unaishia wapi, ndipo wanaandika jina. Kwa hiyo darubini weka pembeni, tumia masikio. Wa matete anaimba kama fundi anayegonga kitu kimoja, ana mdundo, anarudia rudia mara mbili mara tatu halafu anabadilisha kidogo. Wako anaimba kama mtu anayebadilisha stesheni za redio. Na hakai kwenye matete yaliyosimama majini, jina linadanganya. Anataka upupu, mibaruti, majani marefu yaliyochanganyika na vichaka, karibu na mtaro, ardhi yenye unyevu lakini siyo dimbwi.

Nilirudi nikafuta jina kwenye daftari nikaandika lingine. Nilisikitika, lakini nilikuwa nimejifunza kwa asubuhi moja zaidi ya miaka yote ya kusoma kwenye simu.

Jumapili, 9 Juni

Mvua asubuhi. Leo Wajerumani wanapiga kura, ya bunge la Ulaya na ya serikali za mitaa kwa pamoja, mabango ya wagombea yako kila nguzo kijijini, watu wanapita na miavuli kwenda kituoni. Mimi nikakunywa chai nikasubiri.

Mchana ikakatika nikaenda sehemu aliyonielekeza yule mzee, kama kilomita tatu kusini, mtaro wenye mierebi mifupi upande mmoja na ukuta wa upupu upande wa pili, upupu wenyewe unanifika kifuani. Nikachomwa mikono yote miwili. Upele ule wa moto ukanikumbusha utoto. Nimekaa pale mpaka saa mbili usiku, sijasikia kitu zaidi ya upepo na yule kekeo wao akiita mbali. Na kupe mmoja gotini nimemtoa.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nitaandika kirefu.

Nimefika mtaroni saa kumi kasorobo alfajiri, giza bado, nyota ziko. Nikakaa kwenye kipande cha gogo. Kwa mbali Sprosser mmoja, ndege mwingine mdogo mwimbaji, anapiga kelele kwenye mierebi, naye huyo ni wa Ngulia vile vile, baada ya wale wa kahawia nadhani ndiye niliyembeba sana kwenye vifuko, nikasema basi angalau mmoja wa nyumbani yupo.

Halafu kwenye upupu, kama mita nane mbele yangu, ikaanza. Kwanza kaguno ka puani, dzi-chee, dzi-chee. Halafu ikafunguka. Mbayuwayu. Shomoro. Kitu kinachopiga kama mluzi. Tena mbayuwayu. Haraka kiasi kwamba huwezi kuhesabu, kila sauti sekunde moja au chini ya hapo, bila kupumua, na katikati ya hizo, wazi kabisa, shore.

Yaani shore wa nyumbani. Yule wa kichwa cheusi anayekaa kwenye mpapai, anayelalamika akiona paka au nyoka, kila mtu aliyekulia Mtito Andei anamjua kabla hajajua kusoma. Nilisimama. Niko Ujerumani, digrii kumi na mbili, pumzi inatoka moshi mdomoni, na shore analalamika kwenye upupu.

Nikakaa tena haraka nisimfukuze. Nikawasha rekoda. Baada ya shore akarudi kwa ndege wa huku, halafu likaja kundi la sauti tatu kavu za kukwaruza ambazo kwangu mimi ni mramba, yule mweusi wa mkia wa panda anayekaa kwenye waya, halafu mlio wa kuviringika kama keremkerem wanapopita juu kwa juu. Hii ya keremkerem siiapii, nimeiandika na alama ya kuuliza. Shore naapa.

Mwanga ulipokuja nikamuona. Kapanda juu ya bua la mwaka jana lililokauka, mdomo wazi, koo limefura, manyoya ya koo yanatetemeka kila sauti. Mgongo kahawia kavu, hakuna kutu juu ya mkia. Miguu ya rangi ya nyasi imeshika bua, mmoja juu mmoja chini. Aligeuka kidogo nikaziona zile ncha nyeupe za manyoya ya bawa moja moja. Vitu vyote alivyosema mzee nilivikagua, lakini kusema kweli nilikuwa nimeshamjua gizani kabla sijaona hata unyoya.

Nikachukua kipande cha sekunde arobaini nikamtumia mjomba kwa WhatsApp. Sikuandika maelezo, sauti tu. Kenya ilikuwa saa moja hivi asubuhi, mjomba alishastaafu lakini bado anaamka na kuku. Dakika mbili likaja jibu lake kwa sauti, nikaliweka sikioni kwa chini:

"Mpwa wangu, umeingia lini? Mbona hukuniambia uko nyumbani? Hiyo shore imeona nyoka hapo, angalia unapokaa."

Nikamjibu, shikamoo mjomba, sijaja, niko Ujerumani, huyo ni ndege mmoja tu anaimba hivyo vyote, ni yule wa kahawia wa vifuko. Akakaa kimya muda, nikaona anarekodi, anaacha, anarekodi, anaacha. Mwisho akasema, "Marahaba. Wale wadogo? Mimi miaka yote pale jikoni nilidhani hawana sauti."

Kweli, pale asubuhi ya nyavu hawaimbi, wamechoka na wamebanwa kwenye kitambaa.

Saa moja na nusu yule mzee wa baiskeli akafika. Nikamuonyesha kwa kidole, akatabasamu, akakaa kwenye gogo. Hapo ndipo tukafanya kitu ambacho sikukipanga. Yeye alikuwa anataja kila ndege wa Ulaya anayemsikia, kwa kunong'ona, mimi naandika. Zile alizokuwa anakunja uso, akasema hii siijui, hii siijui, hii miaka yote siijui, nyingine nikawa nataja mimi. Shore nilimuelezea anavyofanana, anavyokula mapapai ya watu. Mramba nilimuelezea anavyomfukuza mwewe. Tulifikisha majina 19 kwa saa moja, 14 ya kwake, matano ya kwangu, na sauti nyingi zimebaki hazina mwenyewe, manake huyu ndege anapitia Ethiopia anakaa wiki kadhaa, anapita kwetu mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, halafu anaenda kukaa Zambia, Malawi, Msumbiji mpaka Afrika Kusini. Anayeweza kutaja sauti zake zote itabidi awe amekaa kote huko.

Mzee akaniambia habari ya mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewarekodi hawa Ubelgiji akachapisha mwaka 1979. Alikuwa anajua ndege wa Ulaya na wa Afrika pia, ndiyo maana aliweza. Akakuta dume mmoja kwa wastani anaiga ndege wa aina 76, na kati ya hizo 45 ni za Afrika. Jumla kwa madume wote aliowasikiliza zilifika aina 212, za Afrika 113. Yaani zaidi ya nusu ya wimbo unaoimbwa kwenye mitaro ya Ulaya umekusanywa kwetu. Na kuna kingine, madume wazima huwa wameacha kuimba vifaranga wanapokua, kwa hiyo kijana hamsikii baba yake vizuri, anajifunza kwa majirani, kwanza majirani wa huku halafu majirani wa njiani na wa kule. Ile miezi ya kwanza ya maisha na ile safari ya kwanza ndiyo inamjaza.

Nikawaza juu ya yule niliyemshika. Mwezi wa kumi na mbili, kama alikuwa kijana wa mwaka ule, alikuwa katikati ya kujifunza. Asubuhi ile pale Ngulia mashore walikuwa wanapiga kelele kwenye vichaka nyuma ya jikoni.

Mchana nilirudi chumbani nikalala kama gogo. Jioni nikarudi tena mtaroni, akaimba mpaka saa tano usiku nikiwa naenda.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya mwisho, basi ni saa saba mchana. Nimefika alfajiri na rekoda imejaa chaji, nikitaka saa nzima ya sauti nimpelekee mjomba ili tuzitafute zile zilizobaki.

Kimya. Sprosser yupo, wa matete wapo kule mbali na fundi wao wa kugonga, lakini kwenye upupu hakuna. Nilidhani labda nimemuudhi jana kwa kukaa karibu, nikasogea nyuma mita thelathini hivi kando ya tuta nikakaa chini.

Jua lilipotoka nikawaona wawili. Wa kwanza kabeba jani refu kavu mdomoni, kaingia katikati ya upupu, katoka bila jani. Wa pili anamfuata kila aendako, mita moja nyuma, anakatisha kasauti kafupi mara moja moja. Mzee alipokuja akasema amepata jike usiku ule au alfajiri, na akishapata jike kuimba kunapungua sana, mara nyingi karibu kunaisha. Tundu wanalifunga kwenye mabua ya upupu yaliyo wima, kikombe cha nyasi chenye mikono ya kukishikilia kama kikapu, kinaning'inia hapo bila kugusa chini. Hatukusogea kuliangalia, ukikanyaga njia kwenye upupu umemuonyesha mbweha. Tulibaki kwenye tuta tukihesabu safari za nyasi. Kwa dakika ishirini alienda mara kumi na moja.

Mzee alinipa mkono, akaniomba nimtumie sauti ya shore halisi aliyerekodiwa nyumbani ili aendelee kusikiliza mwenyewe. Nimemuahidi mjomba atamrekodi yule wa mpapai.

Sasa niko kwenye treni, tumepita Angermünde. Nimehesabu nina dakika kumi na nne za wimbo, zote za jana. Nimemtumia mjomba zote. Ameniandikia kwamba amefika dakika ya sita, kuna mmoja anamtambua lakini jina lake analijua kwa Kikamba tu, na ameenda kumuita jirani aje asikilize.